Ufunguo ni wa mwimbaji: kapo, pedali na gitaa langu hapa Tanga

Kuna neno nalisikia sana kwa wapiga gitaa wenzangu: kapo ni ya wanaojifunza. Mtu anayelijua gitaa, wanasema, hahitaji kibanio hicho kinachozibana nyuzi zote shingoni ili zilie juu zaidi, anahamisha mkono. Pedali ya kuhamisha ufunguo, kile kisanduku cha miguuni kinachopandisha au kushusha sauti ya gitaa, nayo inasemwa hivyo hivyo, kwamba ni ya wavivu. Mimi napiga gitaa la rizimu, na mara nyingine la pili, hapa Tanga: harusi za Ngamiani na Makorora, hoteli za upande wa Raskazone mwisho wa wiki, na nikiombwa nasaidia kwaya. Sikubaliani nao hata kidogo. Ufunguo wa wimbo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, si mali ya mpiga gitaa, ni wa mwimbaji. Sisi wengine tunamfuata alipo, na chochote kinachotufikisha pale huku gitaa likiendelea kulia vizuri ni halali yetu.

Chukua wimbo wa zamani uliorekodiwa kwenye A na mwanaume mwenye sauti nyembamba ya juu. Kwetu anauimba dada mwenye sauti nzito, inayotoka kifuani. Kwenye A, kiitikio kinampeleka mahali ambapo hana budi kupiga kelele. Mazoezini alisimamisha wimbo katikati.

"Kaka, hapo juu pananikaba. Nishushie."

"Kiasi gani, dada?"

"Kiasi gani mimi sijui. Wewe shusha, pakinifaa nitakwambia."

Tukaanza kushuka. A flati, bado. G, akatikisa kichwa. F shapu, akasema tunakaribia. Kwenye F akaimba kiitikio chote mikono imelegea na mabega yametulia. Mabega ndiyo ninayoyaangalia siku zote. Mwimbaji akianza kuyapandisha, ufunguo umemzidi, hata kama noti zenyewe anazifikia. Pale tulipofika F nilijua tumepata, kabla hajasema neno.

Kwa mpinga kapo, hapo hakuna tatizo: shika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) za F, B flati na C kwa kubana, maisha yaendelee. Kubana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada usiku kucha si jambo la kutisha, tumezoea. Ila rizimu ya wimbo ule, pale kwenye A, ilijengwa juu ya nyuzi zilizo wazi. A, D na E zote ni nyuzi zinazolia bila kushikwa, kwa hiyo mkono wa kushoto ukiondoka kwenye kodi moja kwenda nyingine, kuna uzi unaobaki unalia na kuunganisha. Ukizihamisha kodi hizo kwenda F kwa kubana, mlio ule unakatika. Kila kodi inaanza upya na kufa peke yake. Noti ni zilezile kwa mpangilio, lakini wimbo umekauka, na mwimbaji aliyeshushwa ili apumue anajikuta anaimba juu ya gitaa lisilopumua.

Kapo inarudisha nyuzi wazi. Kila freti, ule mstari wa chuma shingoni, ni nusu toni, na nusu toni 12 zinatimiza oktavu, kwa hiyo hesabu yake ni kuhesabu freti tu, kutoka kodi unayoishika hadi ufunguo unaoutaka. Kwa F nina njia tatu zinazofaa: kapo freti ya 1 nikashika E, freti ya 3 nikashika D, au freti ya 5 nikashika C. Kwa B flati ni freti ya 1 na A, au freti ya 3 na G. Kwa E flati, freti ya 1 na D, au freti ya 3 na C. Hizo ukizishika kichwani umemaliza sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu funguo za flati ndizo zinazotusumbua.

Njia hizo tatu za F hazilii sawa, na hapa ndipo ninapotaka wapiga gitaa wasimame kidogo. Ukishika E kwenye freti ya 1, nyuzi zote sita zinafanya kazi na uzi mnene unalia F ya chini kabisa, pale pale anapotembea mpiga besi. Kwa mtu anayepiga peke yake na sauti yake, ni nzuri mno. Kwenye bendi, mnagombana na besi. Ukishika D kwenye freti ya 3, F yako ya chini iko kwenye uzi wa nne, umeliacha eneo la besi, na kodi inakuwa nyepesi na yenye kung'aa. Ukishika C kwenye freti ya 5, gitaa linakuwa kama chombo kingine kidogo. Gitaa langu lina urefu wa uzi wa milimita 648 kutoka nati, kile kipande cha mwisho wa shingo nyuzi zinapopita kwenda kichwani, hadi daraja. Kapo ikikaa freti ya 5 zinabaki kama 485, yaani robo tatu. Nyuzi fupi zinalia kwa ukali mtamu, na freti zimekaribiana, kwa hiyo vidole vinafika mahali ambavyo huku chini visingefika.

Kwenye wimbo ule wa dada nilichagua D kwenye freti ya 3. Sababu ni mpiga solo wetu. Yeye hatumii kapo, anatembea kwenye freti ya 8 hadi ya 13, na kule chini yuko besi. Katikati palikuwa na nafasi, nikaingia hapo. Kila mmoja alisikika.

Kugawana nafasi namna hii tumekukuta. Mji huu ulikuwa na bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walipiga Jamhuri Jazz hapa Tanga kabla ya kwenda Arusha, halafu wakavuka kwenda Kenya na kuanzisha bendi ya Simba Wanyika mwaka 1971. Sikiliza muziki wao kwa utulivu, hasa pale sauti za watu zinapokoma na magitaa yanabaki yenyewe. Rizimu haikanyagi gitaa la pili, gitaa la pili halimkanyagi solo. Nikibana kapo freti ya 3 ili nisimkanyage mwenzangu, natafuta kitu kilekile.

Kapo yenyewe ina adabu zake. Ikae nyuma ya freti, karibu nayo kabisa, isiipande juu. Ikikaa katikati ya freti mbili itauvuta uzi chini sana, na uzi ukivutwa unakazika, ukikazika unapanda. Ndiyo maana gitaa lililotyuniwa vizuri linaonekana limeharibika mara tu kapo inapowekwa: nyuzi zimekazwa kidogo zote, na si kwa kiasi sawa. Za spring zinabana kwa nguvu ileile moja, unataka hutaki. Za skrubu zinakuruhusu kukaza hadi pale tu uzi unapoacha kuvuma vibaya, basi. Kwa jukwaani natumia ya spring kwa sababu naitoa na kuiweka kwa mkono mmoja kati ya wimbo na wimbo. Nikirekodi natumia ya skrubu. Kwa vyovyote, nikishaiweka navuta kila uzi kidogo kwa kidole ili utulie chini yake, halafu naangalia tyuni tena. Nikiitoa, naangalia tena.

Na angalia mviringo wa shingo. Gitaa la nailoni shingo yake huwa bapa, la umeme huwa na mgongo: Fender za zamani zilikuwa na mviringo wa inchi 7.25, Gibson kwa kawaida ni inchi 12, ambao ni bapa zaidi. Kapo bapa ukiiweka kwenye shingo yenye mgongo, nyuzi za pembeni hazibanwi sawasawa, zinakoroma. Watu huilaumu kapo kuwa mbovu, kumbe ni ya gitaa jingine.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza wengi hawana kapo. Nawatengenezea ya penseli. Penseli yenye pembe sita unailaza juu ya nyuzi nyuma ya freti, unachukua ukanda wa tyubu ya baiskeli, unauzungusha nyuma ya shingo na kuukaza pande zote mbili. Inafanya kazi. Si ya jukwaani, maana kuitoa ni shughuli, lakini kijana anasikia kwa masikio yake G ikigeuka B flati, na siku hiyo anaelewa kitu ambacho maelezo ya ubaoni yangechukua wiki.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nao ni chumvi. Upepo wa bahari hapa hauli nyuzi peke yake, unakula na spring ya kapo. Ikishika kutu inabana kwa kusitasita na inatoa sauti jukwaani. Tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba, futa yaliyozidi, usiyaache yaguse ule mpira. Mpira ukikauka na kushika mikwaruzo ya nyuzi, utaanza kusikia uzi mmoja unadunda badala ya kulia. Hapo badilisha mpira, kapo bado nzima.

Kuna vurugu moja ambayo kapo huileta kwenye bendi, nayo ni ya mazungumzo. Mimi nimeshika D, inalia F. Mpiga besi ananiangalia vidole, anaona D, anapiga D. Dawa yake tunayo tangu zamani, tumepewa na kwaya. Noti za kwaya huandikwa kwa doh, ray, me, na juu ya ukurasa mnaambiwa Doh ni F. Basi na sisi tunasema hivyo: doh ni F, wimbo unakwenda doh, fah, soh, unarudi doh. Kila mtu anaitafuta doh yake kwenye chombo chake, na hakuna anayehitaji kujua vidole vyangu vimekaa vipi. Nimefanya kazi na wapigaji wakubwa ambao hawajawahi kuimba kwaya, na hata wao wakielezwa mara moja tu wanaipenda.

Na wapulizaji nao wana haki zao. Gitaa linapenda E, lakini E yetu kwa saksafoni ya tena na tarumbeta ni F shapu, na kwa saksafoni ya alto ni C shapu. Mpulizaji anayejua kazi ataipiga, ila hatakuwa na raha. Panda nusu toni tu, kapo freti ya 1 na vidole vyako vilevile vya E, mnakuwa kwenye F: tena na tarumbeta wanapiga G, alto anapiga D. Freti moja imewafurahisha watu watatu. Kwenye taarabu mizani inabadilika, kwa sababu fidla zimetyuniwa G, D, A na E na zinapenda kukaa karibu na nyuzi zake wazi. Huko B flati au E flati ya kulazimisha haitakupatia marafiki. Tanga ni mji wa kundi la taarabu la Black Star na wa mwimbaji Bi Shakila, mji ulioingiza gitaa la umeme kwenye taarabu, kwa hiyo mpiga gitaa wa hapa akipewa kazi ya taarabu asije na mazoea yake ya dansi peke yake.

Sasa pedali. Kapo ina mpaka mmoja usiovukika: inapandisha tu, haishushi. Kama mlio wa wimbo umejengwa kwenye E ya chini kabisa na mwimbaji anataka D, hakuna mahali pa kuiweka kapo. Unaweza kulegeza nyuzi zote kwa toni nzima, lakini nyuzi zilizolegea zinayumba chini ya vidole, na katikati ya onyesho huna muda huo. Hapo ndipo pedali ya kuhamisha ufunguo inapoingia.

Watu hunishangaa: kinanda kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, unabonyeza kimekwisha, kwa nini gitaa lihangaike? Kwa sababu kinanda kinaitunga sauti chenyewe, kikiambiwa tunga chini kidogo kinatunga chini kidogo. Pedali inaikuta sauti imeshatoka kwenye uzi. Inabidi iisikilize, iikate vipande vidogo vidogo, ivicheze kwa kasi nyingine, halafu iviunge ili sikio lisijue palipokatwa. Kupanda nusu toni moja ni kuzidisha mitetemo kwa takriban 1.0595; kupanda oktavu ni kuzidisha kwa mbili, kwa hiyo A ya uzi wa tano, mitetemo 110 kwa sekunde, inakuwa 220. E ya chini ina mitetemo kama 82, na mtetemo mmoja tu unachukua karibu milisekunde 12 kukamilika. Pedali haiwezi kuijua noti kabla haijaisikia, ndiyo maana noti nene zinachelewa kidogo na nyembamba zinawahi. Kwenye rizimu ya haraka, mkono unaojua muda utakusikia huko kuchelewa, na utabidi ujifunze kupiga na pedali hiyo kama unavyojifunza kupiga na mpiga ngoma mpya.

Ufundi huu ulianzia studio. Eventide ya Marekani ilitoa mashine yake ya H910 mwaka 1975. Miguuni kwa mpiga gitaa ulifika kwa nguvu mwaka 1989, DigiTech ilipotoa Whammy, ile yenye kanyagio la kupandisha na kushusha sauti kwa mguu. Hizo za mwanzo zilijua noti moja moja, ukizipa kodi nzima zinachanganyikiwa. Zilizokuja baadaye zinamudu kodi. Niliyo nayo mimi ni Drop, ya kampuni hiyohiyo, na haina mbwembwe yoyote: kitufe kimoja cha kuzungusha kinachoshusha nusu toni 1 hadi 7, au oktavu. Kwa kazi yangu hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nusu toni moja na mbili, kwenye ukumbi wenye watu, sijakutana na msikilizaji aliyegundua. Tatu, mimi naisikia. Kuanzia nne na kuendelea ile ncha ya kwanza ya noti, pale plektra inapouachia uzi, inaanza kulainika, na kodi nzito zinapoteza sura. Ukiipeleka kwenye gitaa la mbao lenye pikapu (kinasa sauti cha nyuzi), hali ni mbaya zaidi, kwa sababu sanduku la gitaa lina mlio wake, na pedali inauhamisha nao. Sikio linajua kwamba gitaa la ukubwa ule halilii hivyo. Kwa gitaa la mbao sitaki pedali kabisa. Kapo.

Pedali ya kuhamisha iwe ya kwanza baada ya tyuna. Ikija baada ya ovadraivu, pedali ya kukwaruza sauti, inapewa sauti iliyosagika na haijui noti iko wapi. Koras na dilei, pedali za kuitanua sauti na kuirudia kama mwangwi, ambazo rizimu yetu haiwezi kukaa bila hizo, zifuate nyuma. Na nyumbani usiijaribu kwa sauti ndogo, maana masikio yako yatapokea nyuzi zenyewe zikilia E na spika ikilia D kwa pamoja. Vaa hedifoni, au ongeza sauti hadi spika izifunike nyuzi.

Aliyenifanya niipende pedali hii ni mzee mmoja anayeimba zilipendwa na sisi. Aliimba ujanani, sauti yake ilikuwa ya juu, na sasa imeshuka kama sauti za watu zinavyoshuka. Nyimbo zake zote anazikumbuka kwenye funguo zake za zamani. Nilimwona kwenye onyesho moja akiruka noti ya mwisho ya ubeti, anaielekeza maikrofoni kwa watu waiimbe wao. Watu walifurahi. Mimi nilimwangalia usoni.

Mazoezi yaliyofuata nilimwambia, "Mzee, shikamoo, naomba leo tujaribu kitu kwenye wimbo wako."

"Marahaba. Msiniharibie tu ule mwanzo wa gitaa. Watu wanaujua ule."

Mwanzo ule umekaa kwenye E wazi ya chini, na kila mtu wa rika lake akiusikia anasimama. Haupigiki kwingine ukabaki ule. Nikaweka pedali nusu toni mbili chini, mpiga solo naye akahamisha mkono, besi doh yake ikawa D. Vidole vyangu vilikaa palepale vilipokaa vya aliyeurekodi. Mzee akaimba ubeti, akaikaribia ile noti, akaifikia, akaishikilia. Akageuka kunitazama, akaendelea na ubeti wa pili.

Kwa anayeanza kununua, kapo kwanza, na iwe inayolingana na shingo ya gitaa lako. Pedali isubiri hadi uwe na mwimbaji anayehitaji kushushwa chini ya pale kapo inapofika. Ukinunua iliyotumika, nenda na gitaa lako, jaribu kodi nzima na si noti moja moja, shusha nusu toni mbili na upige rizimu ya haraka uone mkono wako unasemaje. Dai adapta yake, maana nyingi za aina hii hazitumii betri na zinataka umeme mwingi kuliko pedali za kawaida. Ukiichomeka pamoja na nyingine kwenye adapta ndogo itavuma au haitawaka. Umeme wetu ukiwa unakatika na kurudi, ichomoe ukutani kabla haujarudi.